Sentensi Iliyozidi

Kazini walimwita Mama Kasoro, na wala hakununa. Jina alipewa na mlinzi wa getini, siku alipomkuta amepanda kiti anabandua tangazo la mlangoni kwa sababu lilisema maktaba hufungwa saa kumi, wakati yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiifunga saa kumi na nusu miaka yote. Tangazo lilikuwa pale tangu rangi ya ukuta ikiwa mbichi. Watu walilipita asubuhi na jioni, hakuna aliyekereka. Yeye lilimkosesha raha mpaka akaleta kiti.

Alikuwa mkutubi wa maktaba ya mtaa: vyumba viwili, rafu za chuma za rangi ya kijivu, meza sita ndefu, na dirisha moja lisilofungika vizuri ambalo mvua ikinyesha alilizibia kwa gazeti la juzi. La leo hakuligusa, lina wasomaji wake. Alikuwa hapo kwa miaka thelathini na mmoja, na mwisho wa mwezi alikuwa anastaafu.

Vitabu elfu kumi na moja na mia nne vya maktaba ile vilikuwa vimeorodheshwa ndani ya kompyuta, na aliyeviingiza ni yeye, kimoja kimoja, kwa vidole viwili. Programu aliyotumia ilikuwa huria, yaani haiuzwi wala haina bwana mmoja. Imetengenezwa na watu waliotawanyika, wasiojuana kwa sura, na kila mtu anaruhusiwa kuichukua, kuitumia, na kusema palipoharibika. Hapo kwenye kusema palipoharibika ndipo Mama Kasoro alipopata makao.

Kuandika programu hakujua, na hakutaka kujua. Yeye alisoma mwongozo. Ulikuwa kwenye tovuti, kurasa mia na kitu za Kiswahili, naye aliusoma kama alivyosoma kitabu chochote: kuanzia mwanzo hadi mwisho, shukrani na yote, na toleo jipya likitoka alianza upya. Kiungo kikikatika, alikiona. Picha ikionyesha kitufe cha kijani wakati siku hizi ni cha bluu, aliiona. Kasoro aliiandika kwanza kwenye daftari la jalada gumu, kwa penseli, tarehe pembeni. Aliilaza siku moja ili hasira zipoe, ndipo akaituma. Ripoti zake hazikuwa na salamu wala pole. "Ukurasa wa Azima, picha ya pili ni ya zamani." Basi. Kama hasira zilikuwa hazijapoa vizuri, aliongeza: "Tena."

Alizituma kwa jina lile lile la Mama Kasoro, na aliyezipokea alijiita Mhariri. Hawakuwahi kuonana. Kwa namna alivyoandika, Mama Kasoro alimpa kichwani mvi, shati lililopigwa pasi na subira nyingi, na subira kweli alikuwa nayo, maana kwa miaka minane alikuwa amepokea ripoti mia mbili na kumi na mbili kutoka kwa mtu mmoja.

Mume wake alikuwa fundi saa. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, kwa hiyo mkewe hakuweza kuingia nyumbani bila kupita mbele ya meza yake. Kila jioni alimwinulia uso, lenzi bado imebana jichoni, akamuuliza kama vile anamuuliza askari:

"Leo umekamata wangapi?"

"Wawili."

"Wamekiri?"

"Watakiri kesho."

Basi yeye hucheka peke yake na kurudi kwenye saa zake. Utani huo ulikuwa na miaka minane na haukuwahi kubadilishwa hata neno.

Mwezi ule wa kustaafu ulianza na habari njema. Mhariri aliandika kwamba toleo jipya lingetoka Ijumaa ya wiki ya pili, na kwa mara ya kwanza mwongozo ungekuwa na orodha ya watu waliousaidia: si mafundi wa programu peke yao, hata walioripoti kasoro. "Wewe ni wa nne kwa wingi wa ripoti," alisema. "Tupe jina lako kamili."

Mtu atasema, jina kwenye orodha ya mtandaoni nalo ni kitu? Huyo hajakaa miaka thelathini na mmoja mahali ambapo kila kitu kinapigwa muhuri wa maktaba. Vitabu vina majina ya waliovitunga. Daftari la wageni lina majina ya wageni. Hata kiti alichokalia kilikuwa na kibati chenye jina la mtu aliyekitoa zawadi. Kwenye kitambulisho chake cha kazi neno MKUTUBI lilisomeka kwa mbali, na jina lililokuwa chini yake lilikuwa limefutika kwa jasho la shingo. Alilitaka lile jina liandikwe mahali. Alilitaka sana, na aliona haya kwa jinsi alivyolitaka.

Fundi saa hakuona haya hata chembe. Alitafuta mbao nyembamba, akazikata, akazipiga msasa siku mbili, akatengeneza fremu yenye kioo. Ijumaa ikifika ile orodha ingechapwa na kuwekwa ndani. Msumari alishaugonga ukutani, juu ya meza yake, ili kila anayeleta saa aione, apende asipende.

Jumanne ya wiki ile ya toleo, maktaba ililetewa kompyuta mpya. Ya zamani ilikuwa inanguruma ikiwashwa, na mkutubi mpya, binti aliyeletwa kumrithi Mama Kasoro, aliiogopa. Alikuwa binti wa adabu, mwandiko mzuri, na tabia moja iliyomfurahisha sana bosi wake: ukimwambia fuata maelekezo, anafuata maelekezo.

"Zihamishe kumbukumbu, mwanangu," Mama Kasoro alimwambia asubuhi ile. "Mimi sisemi kitu. Mwongozo upo. Mwezi ujao hutakuwa na mimi, utakuwa na mwongozo."

Akaenda zake rafu za nyuma kupanga vitabu vilivyorudishwa, moyo mweupe. Alikuwa amefika kwenye vitabu vya kilimo aliposikia anaitwa. Sauti yenyewe ilimwambia aache kitabu alichoshika.

"Mama. Njoo kidogo."

Kwenye kompyuta mpya paliandikwa: Vitabu, sifuri. Kwenye ya zamani paliandikwa hivyo hivyo. Binti alikuwa amesimama, mikono ameikunja kifuani.

"Flashi iligoma katikati," alisema. "Nikarudia. Ikaniambia hakuna cha kuhamisha. Mama, wallahi nimefuata mwongozo neno kwa neno."

"Haiwezekani. Mwongozo unasema uweke kwanza nakala ya akiba nje ya mashine, kwa sababu programu inafuta za huku wakati inapeleka kule. Umeiweka?"

"Haujasema."

"Umesema."

"Mama, soma mwenyewe."

Mama Kasoro alivaa miwani. Ukurasa wa Kuhamisha Kumbukumbu ulikuwa wazi. Aliusoma wote kwa kidole. Hatua ya kwanza, chomeka flashi. Hatua ya pili, fungua programu. Nakala ya akiba haikutajwa popote.

"Iko ukurasa uliotangulia," alisema. "Wa Maandalizi."

"Mimi sikupita huko. Niliandika 'kuhamisha kumbukumbu' kwenye kutafuta, nikaletwa hapa moja kwa moja."

Mama Kasoro alifungua mdomo amuulize ni nani anayeanza kitabu katikati. Maneno yalikuwa tayari ulimini. Kisha akaitazama skrini, akaona kisanduku kidogo cha kutafutia pale juu, kisanduku ambacho miaka minane yote alikiona na hakuwahi kukitumia, na mdomo ukajifunga wenyewe.

Kwanza alimtuliza binti roho. Kwenye droo ya chini kulikuwa na kopo la biskuti, na ndani yake nakala ya akiba aliyoitoa kila Ijumaa bila kukosa. Kufikia saa saba mchana vitabu vyote elfu kumi na moja na mia nne vilikuwa vimerudi, na binti alikuwa amekunywa maji na kuanza kucheka kwa woga. Mama Kasoro hakucheka. Alivuta kiti, akafungua historia ya ule ukurasa. Kwenye mradi wa namna ile hakuna kinachofutwa bila kuandikwa nani alitaka kifutwe, lini, na kwa nini.

Alijua atakachokikuta. Alikikuta. Ripoti ya themanini na nane, miaka minne nyuma, ya kwake: "Kuhamisha Kumbukumbu, sentensi ya kwanza. Sentensi hii imezidi. Imeshasemwa ukurasa uliotangulia. Ifutwe." Na chini yake Mhariri: "Jicho kali. Imefutwa. Ahsante."

Alikumbuka hata siku yenyewe. Alikumbuka jinsi sentensi ile ilivyomkera alipokutana nayo mara ya pili, kwamba watu hawa wanamfanya yeye mjinga asiyekumbuka kitu alichosoma dakika mbili zilizopita. Jioni ile alimwambia mume wake amekamata mmoja, mkubwa.

Lingeishia hapo lingekuwa kosa tu, na makosa yeye aliyajua. Lakini mradi ulikuwa pia na jukwaa la maswali, na Mama Kasoro alikuwa na tabia ya kupita huko na kujibu wanaoanza. Akalifungua kwa moyo mzito. Hakuchukua muda kumpata. Alijiita Mwalimu wa Zamu, mwalimu wa shule fulani aliyebebeshwa pia kazi ya maktaba juu ya vipindi vyake. Mwaka mmoja uliopita alikuwa ameandika: "Nimehamisha kumbukumbu, vitabu vyote vimepotea. Elfu mbili na mia tatu. Nimekosea wapi?"

Jibu lilikuwa moja tu, la Mama Kasoro. "Ungesoma ukurasa uliotangulia. Mwongozo umesema wazi."

Na Mwalimu wa Zamu akamjibu: "Samahani. Ni kosa langu. Nitaanza upya."

Lile neno samahani lilimchoma. Angetukanwa angevumilia. Mtu amepoteza kazi ya miaka, amekuja kuomba msaada, ameambiwa hajui kusoma, halafu anaomba msamaha. Tena anamwomba yule yule aliyemfutia onyo. Mama Kasoro alivua miwani akaifuta kwa upindo wa mtandio, akaivaa, akaivua tena.

Jioni alipita mbele ya meza ya fundi saa bila kunyanyua uso.

"Leo umekamata wangapi?"

"Leo nimekamatwa mimi."

Fundi aliitoa lenzi jichoni. Alimsikiliza mpaka mwisho, bisibisi mkononi, na alipomaliza hakumpa pole za haraka haraka.

"Na hiyo sentensi, wataka irudishwe?"

"Lazima irudishwe."

"Waambie wairudishe basi. Lazima wajue ni nani aliitoa?"

Hilo ndilo swali ambalo na yeye alikuwa amekuja nalo njia nzima. Safari hii hakulilaza siku moja kwenye daftari, maana Ijumaa ilikuwa karibu. Jumatano asubuhi alimwandikia Mhariri faraghani, akamweleza yote. Jibu lilirudi kabla ya saa sita.

"Na mimi niliisoma nikakubali," aliandika Mhariri. "Tulikosea wawili. Naweza kuirudisha leo kimyakimya, itakuwemo kwenye toleo jipya. Hakuna atakayeuliza. Orodha ya majina inafungwa kesho saa nne asubuhi, na jina lako limo."

Alikuwa mtu mwema, na wema wake ulimtega vibaya sana. Sentensi irudi, jina liwepo, fremu ijae, na yeye astaafu kwa heshima. Nani angeumia? Alizunguka na swali hilo kati ya rafu mchana kutwa, akirudisha vitabu mahali si pake, mpaka mkutubi mpya akawa anamfuata nyuma akivipanga upya.

Angeumia yule mwalimu. Alikuwa tayari ameumia, na angeendelea kuamini mpaka mwisho wa maisha yake kwamba ni uzembe wake. Sentensi ikirudi kimyakimya, isingemfikia.

Alhamisi saa mbili asubuhi, kabla hajafungua dirisha, aliketi akaandika ripoti ya mia mbili na kumi na tatu, mahali ambapo kila mtu angeiona. Ilikuwa ndefu kuliko zote alizowahi kuandika, na ndiyo ya kwanza iliyokuwa na salamu.

"Habari zenu. Ukurasa wa Kuhamisha Kumbukumbu hauna onyo la kuweka nakala ya akiba. Lilikuwepo. Liliondolewa kwa ombi langu, ripoti ya themanini na nane. Niliona limerudiwa kwa sababu mimi husoma kurasa kwa mfuatano, na sikufikiria kwamba wengi huingia moja kwa moja kwenye ukurasa wanaoutafuta. Naomba lirudishwe hapo, na kwenye kila ukurasa ambao kitufe chake kinaweza kufuta kitu. Mwalimu wa Zamu alipoteza vitabu elfu mbili na mia tatu kwa kufuata ukurasa huu kama ulivyoandikwa. Hakukosea. Nilimjibu kwa kiburi, nami ndiye niliyekuwa nimekosea. Mwalimu, nisamehe."

Kisha akamwandikia Mhariri mstari mmoja pembeni: jina langu litoeni.

"Orodha hii ni ya watu waliofanya kazi," Mhariri alimjibu. "Si ya watu wasiokosea. Tukianza hivyo na mimi nitoke."

"Najua," aliandika. "Lakini nikilisoma pale nitakuwa namwona yule mwalimu. Safari hii litoeni."

Ijumaa toleo likatoka. Fundi saa, ambaye hakuwa ameambiwa, alifungua orodha kwenye simu, akabana lenzi jichoni na kupita jina moja moja kama anayetafuta jino lililovunjika kwenye gurudumu la saa. Alifika chini, akaanza tena juu.

"Halipo," alisema.

"Niliwaambia walitoe."

Fundi aliishusha simu. Kisha akaichukua fremu iliyokuwa imeegemea ukuta, akaipangusa vumbi ambalo halikuwepo, akaiweka juu ya kabati. Msumari ulibaki ukutani peke yake. Wakati wa chakula cha usiku hawakulizungumza, na Mama Kasoro alimshukuru kwa hilo, ingawa alilia kidogo wakati wa kuosha vyombo, kwa sababu lile jina alikuwa amelitaka kweli.

Siku kumi zikapita. Mwalimu wa Zamu hakujibu. Mama Kasoro alichungulia jukwaa kila asubuhi na kujiambia kwamba mtu halazimiki kusamehe kwa kuwa ameombwa. Alikuwa anafunga maboksi ya vitu vyake, kikombe, kandambili za mvua, madaftari manane ya kasoro, mkutubi mpya alipomwita: "Mama, umeandikiwa."

"Shikamoo Mama," iliandikwa. "Nimechelewa kujibu, nilikuwa nasahihisha mitihani. Vitabu vilipopotea nilipewa barua ya onyo, imo kwenye faili langu. Niliipokea, maana na mimi niliamini ni uzembe. Jana nimechapa ripoti yako nikaipeleka kwa mkuu wa shule. Ameisoma mara mbili. Leo ameniita, barua ameitoa kwenye faili, akanipa mkononi nikaichane mwenyewe. Kuhusu vitabu, nimeshaingiza elfu moja na mia nne, nipo njiani. Kiburi nimekisamehe, na mimi nafundisha kidato cha pili, nakijua. Jambo moja. Ukurasa ule mlipourudishia onyo, hatua zimeruka: baada ya nne inakuja sita. Hayo mambo anaambiwa nani?"

Mama Kasoro aliufungua ukurasa mbio. Moja, mbili, tatu, nne, sita. Alikuwa ameupitia siku kumi mfululizo, na hakuona. Alicheka hadi mlinzi wa getini akachungulia dirishani, yale machozi aliyoyaacha kwenye beseni la vyombo yakamtoka tena, na binti hakujua ashike lipi.

Alimjibu mwalimu kwa maelezo kamili: bofya hapa, andika jina la ukurasa, andika unachokiona, usiweke maneno mengi. Akafuta yale ya maneno mengi. Akaandika: "Salamu unaweza kuweka."

Siku ya mwisho alikuja kazini na kifurushi kilichofungwa kwa gazeti la juzi. Ndani yake ilikuwa fremu ya fundi saa. Fundi mwenyewe alikuwa ameung'oa msumari ukutani asubuhi ile na kumpa, pamoja na nyundo ndogo, bila kuuliza mengi. Mama Kasoro alipanda kile kiti chenye jina la mtu, akaugonga msumari juu ya kompyuta mpya, akaitundika. Nyuma ya kioo kulikuwa na karatasi nyeupe iliyochapwa kwa herufi kubwa: Kabla ya kuhamisha, weka nakala ya kumbukumbu zote nje ya mashine hii.

Mkutubi mpya alisimama chini yake akaisoma.

"Mama, hii si imesharudishwa kwenye ukurasa? Nimeiona jana."

"Imerudishwa."

"Na ile ya ukurasa wa Maandalizi nayo ipo."

"Ipo."

"Sasa hii ya tatu ya nini?"

Mama Kasoro alishuka kitini, akarudi nyuma hatua mbili. Fremu ilikuwa imeinama kidogo upande wa kushoto. Alirudi akainyoosha kwa kidole kimoja.

"Iache, mwanangu," alisema. "Iache irudiwe."